Tairi la 47-559 kwenye baiskeli ya mtumba: uzoefu wangu wa mwaka mmoja na nusu Dodoma

Nianze na ule mlio. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Machi 2023. Nimekaa kwenye benchi la fundi, baiskeli imepinduliwa magurudumu juu, na fundi anajaza upepo tairi la mbele nililotoka kulinunua dakika kumi nyuma. Mara paa! Kuku wa jirani wakatawanyika. Tulipoangalia, tairi lilikuwa limechomoka kwenye ringi upande mmoja, tyubu imetokeza pale na kuchanika urefu wa kiganja. Binti yangu wa miaka sita alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka gurudumu lile, anasubiri nimpakie kwenye keria. Hakuumia. Lakini ningekuwa nimeshampakia, na tairi likachomoka tukiwa kwenye mteremko, sijui leo ningeandika nini.

Baiskeli yangu ni ya gia, mtumba, fremu ya chuma, aina ile ya kupandia milima. Naitumia kwenda kazini kutoka Nkuhungu, kilomita 7 kwenda na 7 kurudi, siku tano kwa wiki. Karibu nusu ya njia ni lami, iliyobaki ni changarawe na mchanga. Ilikuja na matairi mapana yenye kashata kubwakubwa, na la mbele lilipobaki kipara nikaenda dukani nikasema kama tunavyosema wote: nipe tairi la inchi 26. Muuzaji akashusha moja, limeandikwa 26 x 1 3/8. Nikalipa.

Lilipofika kwa fundi liliingia kwenye ringi kwa mikono mitupu, bila bisibisi wala kijiko. Tulifurahi wote wawili. Niliona limelegea kidogo nikamuuliza, akanijibu, "Mwalimu, hii si ishirini na sita? Likipata upepo litakaa." Simlaumu, maana hata mimi ningesema hivyohivyo. Leo naelewa kwamba ule wepesi wa kuingia ndio ulikuwa dalili ya kwanza. Tairi lenye waya pembeni likitumbukia kwenye ringi kama bangili kubwa kwenye mkono mwembamba, usilijaze upepo. Lirudishe ulikolitoa.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja anayetengeneza baiskeli tangu zama za Phoenix na Raleigh, ambaye nilielekezwa kwake siku ileile. Alichukua tairi langu la zamani, akalifuta kwa kitambaa chenye maji, kisha akapitisha chaki ubavuni. Maandishi niliyodhani yamefutika yakajitokeza meupe: 50-559. Akafanya vilevile kwenye lile jipya: 37-590. Akaniambia, "Mwanangu, ishirini na sita ni jina, kama Juma. Ingia sokoni uite Juma, uone watageuka wangapi."

Nimehesabu baadaye. Kina Juma wa inchi 26 ni watano: 559, 571, 584, 590 na 597. Hizo ni milimita, na ni kipenyo cha ringi pale ambapo waya wa tairi unakaa. Waya ule ni wa chuma, haunyumbuki. Tairi la 590 kwenye ringi ya 559 lina nafasi ya ziada ya milimita 31, yaani zaidi ya 15 kila upande. Upepo ukiingia, tyubu inatafuta pa kutokea na inapapata. Ukifanya kinyume, yaani tairi la 559 kwenye ringi ya 590, hutaliingiza hata ukiita kijiji kizima.

Mimi nafundisha hisabati, kwa hiyo nilitaka kujua iweje vitu viwili tofauti hivyo viitwe inchi 26. Jibu ni jepesi ukishaona. Ile inchi haipimi ringi, inapima kwa kukadiria gurudumu zima, tairi likiwa limejaa. Namba ya kwanza ubavuni ni unene wa tairi. Chukua 559, ongeza 47 juu na 47 chini, unapata milimita 653. Gawanya kwa 25.4, ni inchi 25.7. Sasa chukua 590, ongeza 37 mara mbili, unapata 664, ambayo ni inchi 26.1. Yote mawili ni 26 kwa mtu anayepima nje. Moja lina tairi nene juu ya ringi ndogo, jingine lina tairi jembamba juu ya ringi kubwa. Wafaransa nao walitumia mantiki hiyo kwenye matairi yao ya 700: gurudumu lote milimita 700, kisha herufi A, B au C ikionyesha unene. C ndilo lililokuwa nene kuliko yote, kwa hiyo ringi yake ndiyo ndogo, 622. Siku hizi tairi la 700C linatengenezwa hata likiwa jembamba kama kidole, na jina limebaki palepale.

Hapo ndipo vituko vinapoanza. Baiskeli inayoitwa 29 na inayoitwa 700C zina ringi moja, 622. Inayoitwa 27.5 ni 584, ndogo kuliko ile ya zamani ya 27, ambayo ni 630. Na jambo hili lilinishangaza kuliko yote: 26 x 1.75 na 26 x 1 3/4 si tairi moja, ingawa mwanafunzi yeyote wa darasa la sita atakuambia 1.75 na 1 3/4 ni sawa. La desimali ni 559. La sehemu ni 571. Kwa hiyo usiruhusu muuzaji akubadilishie desimali kwa sehemu.

Mzee alinieleza kwamba kwao tatizo kubwa ni inchi 28. Tairi la Phoenix na wenzake, 28 x 1 1/2, ni 635. Baiskeli nyingi za mtumba kutoka Ulaya zinazoitwa 28 ni 622. Tofauti ni milimita 13 tu, na udogo huo ndio hatari yake, kwa sababu jicho halioni. Mtu anavisha tairi la Phoenix kwenye ringi ya Mzungu, linakaa upande, gurudumu linayumba, anadhani spoki zimelegea. Wengine wamekaza spoki wiki nzima.

Basi namba ya pili nikawa nayo, 559, na hiyo haina mjadala. Mjadala uko kwenye namba ya kwanza, upana, na hapa kila mtu ana lake. Kijana mmoja anayeshiriki mbio alinishauri nichukue jembamba, la 35, nipae. Kwenye lami ana haki. Lakini tairi jembamba linahitaji upepo mwingi, na ukilipitisha kwenye mchanga wa Dodoma linakata kama kisu kwenye siagi, unabaki unakanyaga pedeli bila kwenda. Tena ukigonga jiwe ukiwa na mtoto nyuma na upepo umepungua, tyubu inabanwa kati ya jiwe na ringi na unapata matundu mawili sambamba. Nililotoa lilikuwa la 50. Nikachagua 47, lenye kati laini na kashata ndogo pembeni.

Kabla ya kununua nilipima. Ringi yangu kwa ndani ni milimita 19, na ringi ya upana huo inabeba 40, 47 hata 50 bila wasiwasi. Nikapima pia nafasi kati ya foku, kwenye breki na chini ya madigadi. Watu wengi husahau madigadi. Nilikuwa na milimita 8 kila upande, zinatosha hata tope likiganda.

Nililipa shilingi 28,000 kwa kila tairi, wakati lile la kwanza lililonipasukia lilikuwa 12,000. Nilisita, nikiri. Nikaangalia keria, nikatoa hela.

Sasa uzoefu wenyewe. Kitu cha kwanza ni ukimya. Zile kashata kubwa zilikuwa zinavuma kwenye lami kama nyuki, na mvumo ule ni nguvu ya mguu inayopotea. Njia iliyokuwa ikinichukua dakika 34 sasa ni 28 au 29, na sijabadilisha kitu kingine chochote. Kwenye changarawe hakuna tofauti niliyoiona. Kwenye mchanga mzito naushika usukani kwa uangalifu zaidi kuliko zamani, lakini napita.

Kitu cha pili ni mbigili. Anayeishi Dodoma anajua, mvua zikikatika kando ya njia hujaa miiba ile yenye pembe, na ukiegesha vibaya unarudi na minne kwenye tairi moja. Matairi ya zamani yalinipa pancha mbili kwa wiki katika majira hayo. Haya yana tabaka nene la mpira chini ya uso, na ndilo nililolipia. Kwa miezi 18, zaidi ya kilomita 4,500 kwa hesabu yangu, nimeziba pancha sita. Mbili kati ya hizo ni vipande vya waya wa tairi la lori, ambavyo sidhani kama kuna tabaka linaloweza kuvizuia. Kila Jumapili nalizungusha gurudumu polepole na kuchomoa miiba kwa kibano kabla haijazama. Usipofanya hivyo tabaka halitakusaidia, maana mwiba haurudi nyuma, unasukumwa ndani kila mzunguko.

Ubaya upo. Ni mazito, nilihisi uzito nilipokuwa nikianza kuondoka kwenye makutano. Na mvua ikinyesha kwenye ule udongo mweusi unaonata, ile kati laini inateleza. Niliwahi kulala chini Januari, peke yangu nashukuru, na tangu hapo siku za tope nashuka na kusukuma mita zile mia mbili. Anayeishi sehemu ya tope mwaka mzima asichukue kama yangu, achukue yenye kashata.

Upepo. Ubavuni pameandikwa mwisho ni PSI 65. Mbele naweka 45, nyuma 50 nikiwa peke yangu na 60 nikimbeba binti. Kipimo cha kubonyeza kwa kidole gumba nimekiacha, kwa sababu nilipopima kidole changu kwa pampu yenye geji, nilichokiita "kimejaa" kilikuwa 30. Upepo mdogo namna hiyo unakula ubavu wa tairi na kukuchosha bure. Tyubu zangu zina valvu kama za gari, naweza kujazia kituo cha mafuta, ila mashine zile zina kasi na tairi la baiskeli ni dogo: bonyeza, achia, pima. Tyubu kwa jumla ina huruma kuliko tairi kwa sababu inanyumbuka, ndiyo maana utaona moja imeandikwa upana kuanzia namba hii hadi ile. Cha kuangalia ni valvu iendane na tundu la ringi. Tundu lililotobolewa kwa valvu nyembamba halipitishi valvu ya gari.

Nimalizie na dada yangu aliyeko Tanga, kwa sababu yake bado inaniuma. Alinunua baiskeli nzuri ya kikapu, mtumba wa Japani, imenyooka, haina kutu. Tairi la nyuma lilipoisha akanipigia simu, "Mdogo wangu, wananiambia hakuna." Nikamwambia apitishe chaki. Akasoma: 37-609, 27 x 1 3/8. Hicho ni kipimo cha Wajapani wenyewe, kwingine hukikuti kirahisi. Tairi la 622 lingelegea, la 590 lisingeingia. Baiskeli ilikaa ukutani miezi miwili. Mwishoni alinunua tairi lililovuliwa kutoka baiskeli nyingine ya mtumba wa hukohuko. Kwa hiyo unapokwenda kuchagua baiskeli, kabla ya kupiga kengele na kujaribu gia, inama usome ubavu wa tairi, halafu tembea maduka mawili uulize kama namba ile ya pili wanayo. Kama maandishi yamekwisha kabisa, tazama ringi yenyewe, baadhi zimegongwa namba kama 559x19.

Fundi wangu wa ile Jumamosi bado ndiye fundi wangu. Ukutani kwake, juu ya ndoo ya kutafutia pancha, ameandika kwa mkaa 559, 590, 622, 635, na mteja akifika na tairi mkononi anapitisha chaki kwanza.

Tairi la nyuma limeanza kuonyesha mstari wa kulainika katikati, nadhani lina miezi minane au tisa mbele yake. Nitakapolibadilisha nitaweka 50-559 yenye tabaka hilohilo, maana binti ameongezeka kilo nne. Nafasi ya madigadi nimeshaipima.