Faili la zipu la mifuko 40: limenifaa kwenye mambo ya kodi ya pango, ila plastiki yake ina tabia mbaya

Nimelinunua stationari moja hapa Lamu, la buluu, lina zipu kuzunguka na ndani mifuko 40 ya plastiki, karatasi ya A4 inaingia bila kukunjwa. Mia nne hamsini. Najua Mombasa ningepata kwa bei nafuu, lakini kitu kikishapanda boti pale Mokowe, gati ya bara, na bei yake inapanda, tushazoea.

Mimi nina kihoteli mtaa wa Langoni, mahamri, viazi vya karai, chai, mabenchi manne basi. Nimepanga tangu 2017 na hatukuandikiana kitu, mwenye nyumba ni mtu mzima namwita Ami, tulikubaliana kwa mdomo tu tumekaa barazani. Kodi napeleka kwa M-Pesa kisha yeye ananikatia risiti kwenye kile kijitabu chake cha kaboni. Risiti nilikuwa natia kwenye boksi la viatu chini ya kaunta, mpaka siku moja nafungua nakuta mchwa, yani risiti za 2019 zote zimekuwa unga. Siku ile ile ndo nikaenda kununua faili.

Sasa mwaka huu mali anasimamia mpwa wake Ami. Akaja asubuhi nimejaa wateja, "Dada, kuanzia mwezi ujao elfu kumi na nne." Mimi nalipa elfu nane! Nikamwambia basi niandikie, akacheka. Kesho yake kaleta karatasi ya daftari ina mistari miwili, hata tarehe haina. Nikaipokea kwa adabu, nikaandika nyuma yake siku na saa niliyopewa, nikaitia mfuko wa 22.

Nina jamaa yangu wakili nikampelekea faili zima, na hapo ndo nikaona hela yangu haikupotea, maana alikuwa anafunua tu mwezi baada ya mwezi hakuniuliza hata swali. Akanambia hiyo karatasi si notisi. Kuna Sura 301 ya sheria za Kenya, sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na sehemu za chakula, na mimi nimo kwa sababu wateja wanakaa ndani kula, na kule kutoandikiana ambako miaka yote nilikuwa nakuogopa kumbe ndo kunaniingiza kwenye ulinzi wa sheria. Mwenye nyumba akitaka kupandisha kodi lazima alete notisi kwa fomu yake maalumu, na haianzi kazi mpaka ipite miezi miwili tangu uipokee. We nawe una mwezi mmoja kumjibu kwa maandishi unakubali ama hukubali, na kama hukubali upeleke shauri kwenye baraza la kodi za majumba ya biashara kabla tarehe ya notisi haijafika. Ukinyamaza imekupita. Tena mwenye nyumba anatakiwa aweke kitabu cha kodi na mpangaji apewe nakala yake, kitu ambacho mimi sijawahi kukiona kwa macho yangu.

(Mliopanga nyumba za kuishi msinirukie, nyinyi mna sheria yenu, Sura 296, na ile inashika kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, sasa nambieni mjini humu nani anapangisha kwa hiyo.)

Tukakaa kikao kwa Ami. Mpwa akaanza na ati miezi mitatu ya 2021 sikulipa. Nikafungua zipu kwa maringo kabisa, nikavuta risiti ya kwanza... imeganda. Jiko liko karibu, joto, plastiki imeshika wino, nikivuta karatasi inatoka nyeupe na sahihi ya Ami imebaki kwenye mfuko, tena inasomeka kinyume kama kwenye kioo. Nilitaka kulia. Ami mwenyewe akavaa miwani akaitazama sahihi yake akasema "hii yangu hii", lakini mpwa hakubali. Bahati nilikuwa nimeomba stetimenti ya M-Pesa nikaprinti saiba, iko mfuko wa 30, wino wa mashine haukuguswa, miezi yote mitatu imo na tarehe zake. Kijana akanyamaza.

Kwa hiyo, hiyo plastiki naiondolea nyota moja. Mkilinunua, risiti za mkono na zenye muhuri toeni fotokopi kwanza, na ile ya asili muitie kwenye bahasha ya karatasi ndo iingie mfukoni. Zipu nayo, chuma chake kimeanza kutu kwa hewa ya chumvi, napaka mafuta ya nazi inakwenda. Mgongo uko imara, umeanguka kwenye maji ya vyombo mara mbili na ndani hakukuingia kitu.

Nyota nne. Kodi tumemalizana kwa 9,500, safari hii kwa maandishi, Ami katia sahihi na mashahidi wawili, iko mfuko wa 31. Ndani ya bahasha.