Vua bampa kwanza: kununua gari la spoti kuukuu lenye maili nyingi

Julai ya mwaka juzi, barabara ya M6 karibu na Birmingham ilikuwa imesimama kabisa. Nyuzi 31, vioo chini, taarabu juu, nami nimo ndani ya Porsche 911 yangu ya mwaka 2000, niliyoinunua miezi tisa kabla ikiwa na maili 118,000. Nikanusa harufu tamutamu, kama sharubati iliyomwagikia jiko. Kutupa jicho kwenye dashibodi, mshale wa joto, ambao siku zote hulala kwenye 80, unapanda kama mkwezi. Nilijikokota hadi pembeni gari linachemsha, mvuke unatoka mbele, na dereva wa lori ananipiga picha kwa simu yake.

Mvuke haukuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba nilijiona mjanja. Kabla ya kununua nilisoma kila kilichoandikwa kuhusu beringi la shafti ya kati, lile wanaloliita IMS, ambalo likivunjika linakwenda na injini nzima. Nikalipa pauni 250 silinda zipigwe kamera. Beringi limeshabadilishwa, silinda safi, risiti zipo. Nikalipa pesa kwa furaha. Bampa hakulivua mtu.

Fundi wangu wa Wolverhampton alipolivua, aliniita nikaone kwa macho yangu. Nusu ndoo ya mboji. Majani meusi, karatasi za biskuti, manyoya ya ndege, na nyuma yake rejeta iliyoliwa kuanzia chini hadi ukiigusa inamomonyoka kama mkate wa juzi. Rejeta mbili, kondensa mbili za AC (vile vipoza gesi vinavyokaa mbele ya rejeta), tangi la maji na wota pampu: pauni 1,870. Tangu siku hiyo, mtu akiniomba ushauri wa gari la spoti kuukuu, swali langu la kwanza ni moja: umeona rejeta?

Sitakwambia basi ukague matairi, rangi au daftari la sevisi. Hayo unayajua. Na beringi lile limeandikwa hadi limetia kichefuchefu.

Habari ya maji

911 za zamani zilipozwa kwa hewa tangu miaka ya 60. Ya kwanza kutumia maji ni hii iliyotoka 1997, ambayo kiwandani waliiita 996, yenye taa zinazofanana na yai la kukaanga. Injini ikabaki nyuma, ila rejeta zikawekwa mbele, moja kila upande, ndani ya vinywa viwili vya bampa. Zaidi ya lita 20 za maji zinasafiri urefu wote wa gari kwenda kupoa, kisha zinarudi. Vinywa hivyo viko wazi, na viko chini, usawa wa takataka. Oktoba na Novemba majani yanapopukutika, gari linayameza. Yanakwama kati ya kondensa na rejeta, yanalowa mvua, yanachanganyika na chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu, na alumini inaanza kuliwa taratibu bila wewe kuona tone.

Wala si Porsche tu. Magari mengi ya spoti yenye injini nyuma au katikati yamepangwa hivyo: rejeta puani, injini mgongoni, mabomba tumboni. Ukaguzi wa MOT, ule wa lazima wa kila mwaka hapa Uingereza, hauliangalii hilo. Wataalamu wa kulipwa wanaokukagulia gari kabla ya kununua nao wengi hawaliangalii, kwa sababu kuvua bampa ni kazi ya dakika arobaini na wao wana gari jingine saa sita.

Kama muuzaji hataki bampa livuliwe, fanya hivi. Washa injini, washa AC, kisha chutama mbele ya gari. Kwenye 996 feni zote mbili zinapaswa kuzunguka polepole papo hapo. Zikiwa kimya, kuna kifaa kidogo cha kupunguza umeme kinachoziendesha kwa mwendo wa chini, na kimeshaungua. Maana yake feni zinasubiri mpaka joto lizidi kabisa ndipo ziwake kwa kasi kubwa, na mwenye gari hakuwahi kujua. Halafu mulika tochi ndani ya vile vinywa. Ukiona majani, hiyo ni pauni elfu moja ya kupunguziwa bei, na usione haya kuidai. Mwisho fungua kifuniko cha tangi la maji, injini ikiwa baridi tafadhali, usije ukaungua mkono ukanilaani mimi. Namba ya kifuniko inatakiwa iishie na 04. Ikiishia na 00 au 01, hakuna aliyejali maji ya gari hilo kwa miaka mingi.

Na hapa ndipo maili nyingi zinapogeuka kuwa heri. 911 yenye maili 130,000 mara nyingi imeshapata rejeta mpya, pampu mpya, tangi jipya, kwa sababu ni vigumu kufika hapo bila hivyo. Yenye maili 40,000 ina mipira ya maji ileile iliyotoka nayo kiwandani miaka ishirini na kitu iliyopita. Mpira hauhesabu maili, unahesabu miaka. Nikiwekewa zote mbili mezani, nachukua yenye maili nyingi na bahasha nene ya risiti, na chenji nabaki nayo.

Orodha yangu, na sifichi upendeleo

Namba moja ni 996 Carrera, na ndiyo, ni gari langu, na ndiyo, ndilo lililonichemkia M6. Nalipenda hata hivyo. Bampa linavulika kwa bisibisi za kawaida. Rejeta mpya unaipata kwa bei ya binadamu, mradi uinunue kwenye boksi la kiwanda kilichoitengeneza, usiinunue kwenye boksi lenye ngao ya Porsche. Ni kitu kilekile, ngao ndiyo inayolipiwa. Kumbuka nyingine zina rejeta ya tatu katikati, na hiyo nayo hula majani. Za injini ya lita 3.4 zina nguvu ya farasi 300, za lita 3.6 zilizofuata zina 320, tofauti ambayo utaisikia kwenye simulizi za wauzaji kuliko barabarani. Wota pampu ya kiwandani ina mapanga ya plastiki. Ibadilishe kila baada ya miaka minne au mitano bila kusubiri ilalamike, maana mapanga yakivunjika vipande vinakwenda kutembea ndani ya injini. Kuna watakaokushawishi uweke ya mapanga ya chuma. Mimi sitaki: beringi la pampu likilegea, chuma kinachimba ukuta wa injini, na ukuta wa injini hauuzwi dukani.

Namba mbili ni Honda NSX, na hapa nina kinyongo. Kuna wakati NSX iliyotembea sana uliipata kwa bei ya 911 ya kawaida. Bodi ya alumini tupu, injini ya V6 inayoimba hadi mizunguko 8,000, na Ayrton Senna mwenyewe, yule bingwa wa Formula One, aliijaribu kwenye uwanja wa mashindano wa Suzuka, Japani, ilipokuwa inatengenezwa. Kisha watu wenye maghala yasiyoingia vumbi wakaigundua, na leo bei yake ni zaidi ya mara mbili ya 996 nzuri. Wananunua, wanaifunika shuka. Na gari la kufunikwa shuka ndilo litakalokuua kwa maji: NSX ina mipira ya maji zaidi ya 20, mingine imejificha pasipofikika mkono, na tangi lake la plastiki hupasuka kwenye mshono. Injini ni alumini. Ikichemsha mara moja tu sawasawa, gasketi ya silinda hedi imekwenda. Ukipata pesa ya NSX, omba risiti ya mipira yote. Mtu akikujibu “haijawahi kuguswa, yote ni ya kiwandani” kwa sauti ya kujisifu, shukuru kwa chai uondoke.

Namba tatu, Lotus Elise 111R ya 2004 na kuendelea. Injini yake ni Toyota 2ZZ, ileile ya Celica, kwa hiyo ukooni mwako tayari una mjomba anayeijua. Epuka zile za mwanzo zenye injini ya Rover kama hujui kusoma alama za gasketi iliyoungua; ziliitwa nyepesi, na maji yao pia ni mepesi. Tatizo la 111R ni kwamba rejeta imefichwa chini ya ganda la mbele, na kuitoa ni kulivua ganda zima la pua ya gari. Kuingia ndani nako ni mtihani. Mwenye nyonga kama zangu anajifunza upya kuheshimu suruali. Ila cha kuchekesha, chesisi ya Elise imeunganishwa kwa gundi na haijawahi kunitia wasiwasi.

Gundi iliyonitia wasiwasi iko kwingine, nayo ndiyo sababu 996 Turbo inashika namba nne wakati kila mwanamume aliyewahi kunishauri anaiweka ya kwanza. “Nunua Turbo, dada, ile injini haina ugonjwa wa beringi.” Kweli haina. Farasi 420, injini yenye asili ya magari ya mashindano. Ila mabomba ya maji kwenye injini hiyo yamechomekwa ndani ya viungo vya alumini na kushikizwa kwa gundi. Gundi! Joto la miaka ishirini linaichosha, bomba linachomoka lenyewe, na maji yote yanamwagika mbele ya matairi ya nyuma ukiwa kwenye mwendo. Fikiria kona, mwendo wa 70, na matairi ya nyuma yanakanyaga maji yenye utelezi wa sabuni. Dawa ipo: injini inashushwa, viungo vinachomelewa au vinatiwa pini. Kazi si ndogo na bili si ndogo. Nimetazama Turbo tano zilizokuwa zinauzwa. Wauzaji wanne walikuwa na risiti ya mfumo wa moshi wa kelele. Mwenye risiti ya mabomba alikuwa mmoja.

Namba tano, Ferrari 360. Nzuri kuliko zote kwa macho, na rejeta zake mbili nazo ziko kwenye vinywa vya mbele, zinameza majani kwa heshima ya Kiitaliano. Mkanda wa taimingi unabadilishwa kila miaka mitatu utembee usitembee, na vitufe vya ndani vinayeyuka vinanata kama halua. Kama una pesa za kununua Ferrari mbili, nunua moja.

Porsche Boxster ni 996 iliyonyimwa viti vya nyuma. Ukiinunua gusa zulia la buti, likiwa na unyevu tangi limepasuka. Toyota MR2 ni sawa tu.

Wauzaji, Mungu anawaona

Nilipokwenda kuona gari la pili, maana nilitaka kumtafutia shemeji yangu, niliomba bampa livuliwe kwa gharama yangu. Muuzaji, banda lake la kifahari na mashine ya kahawa inayonguruma kuliko magari yake, akaniuliza kama mume wangu yuko njiani. Nikamwambia mume wangu anaogopa hata kujaza upepo. Hakucheka. Akasema gari lake limeshakaguliwa katika vipengele zaidi ya mia moja. Nikauliza kama rejeta ni kimojawapo. Akaenda kupokea simu ambayo sikuisikia ikilia.

Halafu picha zao. Siku hizi kila mkweche unapigwa picha jua likizama, matairi yamepakwa mafuta, injini imeoshwa hadi inang'aa. Injini iliyooshwa ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu alama nyeupe za maji yaliyovuja na kukauka ndizo zilizokuwa zinasema ukweli. Kwa hapa Uingereza ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali usome historia ya MOT, ni bure. Usiangalie kama lilifaulu, angalia limetembea maili ngapi kila mwaka. Lililotembea maili 300 kwa miaka sita lilikuwa linaoza kwa starehe.

Kodi nayo ina mtego. Gari lililosajiliwa kuanzia tarehe 23 Machi 2006 hadi mwisho wa Machi 2017 na lenye moshi mwingi linalipiwa zaidi ya pauni 700 kwa mwaka. La kabla ya hapo linalipa kidogo kuliko hilo, ingawa ni kuukuu zaidi. 996 zote ni za kabla ya hapo. Sijasema kitu.

Ukishalinunua

Kila Desemba, majani yakishaisha mitini, mimi navua bampa mwenyewe. Natenganisha kondensa na rejeta, napuliza maji taratibu kutoka nyuma kwenda mbele, si kwa mashine ya kuoshea magari, ile inalaza mapezi ya rejeta yote. Nimeweka wavu mwembamba kwenye vinywa, nimeununua kwa pauni chache, naona uchungu nikifikiria ungeniokolea kiasi gani. Maji ya kupozea usichanganye aina mbili, na ukiyabadilisha tafuta gereji yenye mashine ya kufyonza hewa kwanza, maana bomba refu namna ile likibaki na hewa gari litachemsha hata kama kila kitu ni kipya. Na liendeshwe kila wiki, hata kama ni kwenda kununua vitunguu.

Wanaoniuliza kuhusu kulisafirisha nyumbani: Mombasa sahau, Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Dar linaingia, lakini umri wake unatozwa ushuru wa ziada juu ya ushuru wa kawaida, na ukishalitoa bandarini kinachokusubiri ni foleni ya Ubungo saa tisa mchana. Hakikisha zile feni mbili zinazunguka.