Tahadhari kwa wenye ndege ndogo Malindi na Lamu: silinda zinazouzwa kwa hati za kughushi

Tunawatahadharisha wamiliki wa ndege ndogo, marubani na mafundi wa Malindi, Watamu na Lamu kuhusu dalali mmoja anayeuza silinda, magneto (vifaa vya kutoa cheche za kuwasha injini) na propela za ndege za injini moja kwa hati ambazo si za vipuri hivyo. Jina lake hatutaliandika hapa, kwa sababu malalamiko yameshafikishwa polisi na katika Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na hatupendi maneno yetu yaje kuwa kisingizio cha kuvuruga shauri. Hata hivyo, mwendo wake ni ule ule kwa kila mteja, na atakayefikiwa naye atamtambua mara moja.

Hupiga simu akijitambulisha kuwa ana shehena ya vipuri kutoka karakana ya Marekani iliyofungwa, na kwamba mzigo umehifadhiwa Mombasa. Hataji bei kabla hajauliza ndege ni ya aina gani, injini imefanya kazi kwa jumla ya saa ngapi na ukaguzi wa mwaka unaangukia lini. Maswali hayo yanasikika kama ya fundi anayejua kazi yake, kumbe anapima mteja ana haraka kiasi gani. Baadaye hutuma picha. Picha za hati huwa safi, kila herufi inasomeka, ilhali picha za kipuri chenyewe zimepigwa kwa mbali au zina kiwi cha taa mahali palipopaswa kuonekana nambari. Kisha huja shinikizo la arubuni: yupo mteja wa Lamu, asema, ambaye ameshatuma nusu ya fedha. Tulipompata huyo mteja wa Lamu, ambaye ndege yake hukaa katika kiwanja cha Manda, Lamu, alitueleza kwamba yeye naye alikuwa akiharakishwa kwa sababu ya mteja wa Malindi.

Ndege yetu ni Cessna 172 yenye injini ya Lycoming O-320, na tunaimiliki kwa ubia. Katika ukaguzi wa mwaka, injinia wetu alipopima mgandamizo wa silinda kwa kuzijaza hewa ya shinikizo la pauni 80 kwa inchi ya mraba, mbili kati ya nne zilishindwa kushikilia hata 60, na sauti ya hewa ikasikika ikitokea kwenye ekzosi, dalili ya valvu ya kutolea moshi isiyofunga vizuri. Silinda mbili zilihitajika. Tuliandikiana mkataba na dalali huyu kwamba atapewa arubuni kupitia benki, na salio litalipwa baada ya injinia mwenye leseni kuzikagua na kuzikubali. Mzigo ulifika ukiwa umefungwa vizuri, pamoja na fomu ya FAA, yaani mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, nambari 8130-3 kwa kila silinda, ambayo ndiyo hati inayotambulika ya kuthibitisha kwamba kipuri kilichotoka Marekani kinafaa kutumika.

Injinia alianza na karatasi. Fomu ile ina kisanduku cha 11 kinachoeleza hali ya kipuri, na chini yake kuna pande mbili za sahihi: upande wa kushoto, kisanduku cha 13, ni wa kipuri kipya kilichotoka kiwandani, na upande wa kulia, kisanduku cha 14, ni wa kipuri kilichotumika kikatengenezwa na kurudishwa kazini. Hati tulizopewa zilisema katika kisanduku cha 11 kwamba silinda zimefanyiwa ukarabati kamili, lakini sahihi ilikuwa upande wa kushoto. Karakana inayofanya kazi hiyo kila siku haiwezi kuchanganya pande hizo, na atakayesoma tahadhari hii asikumbuke jambo jingine lolote, basi na akumbuke hilo.

Kisha akaigeukia silinda ya kwanza. Yote ilikuwa imepigwa rangi ya kijivu, mpya, hata mahali ambapo mafundi huacha bila rangi. Alilowesha kitambaa kwa thina akasugua ukingo wa kitako cha silinda, na chini ya ule ujivu ukatokea mstari wa rangi ya chungwa. Lycoming hutumia rangi hizo kama lugha: chungwa ni silinda iliyopakwa kromu kwa ndani, buluu ni iliyofanywa ngumu kwa nitrojeni, na kijani na manjano ni zilizochongwa kipenyo kikaongezeka. Hati ilisema nitrojeni. Tofauti hiyo si ndogo, kwa maana dalali alikuwa ametuletea pia seti ya ringi za pistoni zilizopakwa kromu, na ringi za kromu hazitiwi kamwe katika silinda ya kromu. Ngumu ikisuguana na ngumu, ringi hazikai mahali pake, injini inakula oili na chenga za chuma zinaanza kuonekana kwenye chujio. Silinda ya kromu kwa yenyewe haina kosa, na kwa ndege zinazolala karibu na bahari ina faida yake ya kutoshika kutu upesi. Kosa ni kuificha.

Silinda ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Baada ya kupakwa ile rangi nyekundu ya kutafutia nyufa na kufutwa, palibaki uzi mwembamba mwekundu kutoka tundu la plagi hadi kiti cha valvu ya ekzosi. Ufa wa mahali hapo unajulikana sana kwa mafundi, na silinda yenye ufa huo haipewi hati na mtu mwaminifu.

Tuliandikia karakana iliyotajwa kwenye kisanduku cha 4. Anwani hatukuichukua kwenye hati ya dalali, bali kwenye orodha ya karakana zilizoidhinishwa ambayo FAA yenyewe huiweka wazi mtandaoni, kwa kuwa mwenye kughushi sahihi hashindwi kughushi nambari ya simu. Jibu lilikuja kwa maandishi: nambari ya ufuatiliaji iliyo kwenye kisanduku cha 3 waliitoa kweli, ila kwa kabureta. Mwenzetu wa Manda alipotoa hati ya propela aliyouziwa, nambari ilikuwa hiyo hiyo. Yaani hati moja halali imegeuzwa mama wa hati zote.

Dalali alipoelezwa, alisema injinia wetu anamharibia biashara, akaahidi kurudisha arubuni, na tangu hapo hapokei simu zetu. Kwa wengine bado anapokea.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya karatasi tu na kwamba chuma ni chuma. Tarehe 8 Septemba 1989, ndege ya kampuni ya Partnair aina ya Convair 580, ikitoka Oslo kwenda Hamburg, ilianguka baharini karibu na Denmark na watu wote 55 waliokuwamo wakafariki. Wachunguzi wa Norwei walikuta boliti bandia kwenye maungio ya mkia. Na mwaka 2023 ilibainika kwamba kampuni ya Uingereza iitwayo AOG Technics ilikuwa ikiuza vipuri vya injini za ndege kubwa za abiria kwa hati za kughushi, hata mashirika makubwa yakalazimika kusimamisha ndege ili vipuri vitolewe. Ikiwa wao wenye idara nzima za ukaguzi walipitiwa, sisi wenye hanga moja na injinia mmoja tuna sababu zaidi ya kuwa wagumu. Anayeruka kutoka Malindi kwenda Manda anajua kilicho chini yake: viwanda vya chumvi vya Gongoni na Marereni, kisha Ghuba ya Ungwana na delta ya Mto Tana, maji, matope na mikoko, na injini ni moja.

Liko jambo jingine tuliloletewa na zaidi ya mtu mmoja, nalo ni kwamba dalali huyu hujitolea pia kuwatafutia watu sahihi na muhuri wa ukaguzi wa mwaka bila ndege kufunguliwa hata kifuniko kimoja. Kwa ndege za pwani yetu, ambako chumvi huingia ndani ya mabawa na kula alumini na nyaya za usukani pasipo mtu kuona, huo ni ukaguzi wa kuulia watu. Aidha, ajali ikitokea, kampuni ya bima huanza kwa kuomba vitabu vya ndege, na sahihi ya uongo inaweza kuwa sababu yao ya kukataa kulipa.

Siku hizi amehamia pia kwenye ndege nzima. Tumeona tangazo lake la Cessna inayodaiwa kuegeshwa katika kiwanja cha Malindi, ambako hakuna anayeifahamu. Anayevutiwa na bei hiyo aombe kwanza nambari ya usajili inayoanza na 5Y, aiulizie katika daftari la usajili la Mamlaka ili ajue mwenye ndege ni nani, kisha alinganishe nambari ya mfululizo iliyo kwenye kibao cha chuma kilichopigiliwa katika bodi na ile iliyo katika vitabu vya ndege, injini na propela. Picha ya kibao haitoshi.

Kwa aliyekwisha kununua: usikifunge kipuri, na ikiwa kimeshafungwa, ndege isiruke kabla injinia hajakikagua. Usimrudishie dalali mzigo hata akiuomba kwa upole, maana kikirudi kwake kitauzwa tena kwa mtu mwingine, na wewe utabaki bila ushahidi. Hifadhi fomu, maboksi, risiti za benki na ujumbe wote wa simu, kisha uandike taarifa polisi na kwa Mamlaka. Silinda zetu zimefungiwa kabatini hangani zikiwa na lebo nyekundu, na nakala za hati zake ziko kwa injinia wetu. Mtu yeyote wa Malindi au Lamu mwenye fomu ya 8130-3 iliyopitia mikononi mwa dalali huyu anakaribishwa kuja nayo ili nambari ya kisanduku cha 3 ilinganishwe na zetu, na ikifanana, iunganishwe katika shauri lililo polisi.