Miaka mitatu ndani ya nyumba mpya ya kuungana: uzoefu wangu na ile bei

Tulihamia miaka mitatu iliyopita, mimi, mke wangu na watoto wawili, kwenye zile nyumba za ghorofa zinazojengwa pembezoni mwa mji kwa mstari mmoja, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Wengine huziita taunihausi. Yetu ni ya nne kati ya nane. Tulipokuwa tunatafuta, kulikuwa na nyumba kuukuu yenye vyumba vilevile, imesimama peke yake kwenye kiwanja chake, karibu zaidi na mji, na bei yake ilikuwa pungufu kwa robo nzima. Tukaiacha. Naandika kueleza robo ile ya ziada tulilipia nini hasa, kwa sababu naona watu wakimaliza akiba ya miaka kumi baada ya kuzungushwa dakika ishirini kwenye nyumba ya mfano.

Nianze na haki yake. Kuta za nyumba ya katikati hupigwa na jua na upepo mbele na nyuma tu, kwa hiyo joto la ndani halipandi wala kushuka ovyo. Maji yana nguvu mpaka bafu la juu. Watoto wana kinjia cha kuendeshea baiskeli ambacho magari ya wapita njia hayafiki. Kwa hayo sina kinyongo.

Tatizo ni ukuta. Wiki ya pili, usiku wa manane, simu ya jirani ilitetemeka juu ya kabati lake na mke wangu akaamka kuitafuta ya kwake. Maongezi ya kawaida hatuyasikii. Tunachosikia ni vishindo. Sakafu ya zege ilimwagwa mfululizo kupita chini ya ukuta, kwa hiyo kisigino kikigonga ngazi kule, huku kinasikika kama kiko chumbani kwetu. Fundi umeme alipofungua soketi ya kitandani, alikuta kisanduku chake kimepeana mgongo na cha jirani, katikati hakuna tofali wala lipu. Ukikagua nyumba kama hii, tazama soketi zilizo kwenye ukuta wa pamoja, kisha mwombe mtu apande na kushuka ngazi za nyumba ya pili huku wewe umesimama chumbani kimya.

Lililoniumiza zaidi lilikuwa juu ya dari. Mwezi wa tisa tangu tuhamie tulianza kunusa moshi wa jikoni kwa jirani ukishukia chumba cha watoto. Nikapanda na tochi. Mwanga ukapita juu ya ukuta moja kwa moja hadi upande wa pili, nikaona kenchi za jirani na tangi lake la maji. Ukuta ulikuwa umeishia usawa wa dari! Ukuta wa kutenganisha nyumba unatakiwa upande mpaka ugote paa na mianya yote izibwe, kwa sababu moto ukishika nyumba moja, dari iliyo wazi ndiyo njia yake ya kuingia nyingine. Nilikaa pale juu kwa muda, miguu haina nguvu. Miezi tisa watoto wangu walikuwa wamelala chini ya uwazi ule. Muuzaji aliumaliza ukuta kwa gharama yake kwa sababu mkataba wetu ulimbana kurekebisha kasoro ndani ya miezi kumi na miwili. Ningechelewa miezi minne tu, mzigo ungekuwa wetu.

Nyufa hazikunitisha sana. Zile nyembamba kama unywele ni lipu inayokauka, na nyumba mpya karibu zote huwa nazo. Ufa wa kuogopa ni ule unaokwenda mshazari kutoka kwenye kona ya dirisha au mlango na kuendelea kupanuka. Weka alama ya penseli pale unapoishia, andika tarehe pembeni, urudi baada ya miezi mitatu.

Ukubwa nao upimeni wenyewe. Karatasi zetu zilisema mita za mraba 132. Nilipopima chumba kwa chumba nilipata 104. Hakuna aliyedanganya: walipima kutoka ukingo wa nje wa kuta, na ngazi, ambazo kwa ghorofa tatu zinameza karibu mita nne za mraba kila ghorofa, zilikuwa ndani ya hesabu. Ila bei nilikuwa nimeilinganisha na nyumba kuukuu ambayo vipimo vyake vilikuwa vya ndani. Kwa hiyo hata ile robo haikuwa robo, ilikuwa zaidi.

Halafu kuna ada ya mwezi. Mwaka wa kwanza ilikuwa nyepesi kwa sababu muuzaji alikuwa anafidia sehemu yake ili nyumba zilizobaki ziuzike. Alipotukabidhi wenyewe pampu, geti, taa na maji taka, ada ikawa mara mbili, na bado hatujaweka akiba ya paa. Ombeni hesabu za gharama halisi kabla ya kutia saini. Safari ya kazini imepanda kutoka dakika 20 hadi 50, na kurudi vivyo hivyo. Kwa siku 22 za kazi hizo ni saa 22 kila mwezi ambazo watoto hawanioni.

Jirani mmoja alijaribu kuuza mwaka jana. Muuzaji yuleyule aliyetuuzia sote alikuwa na awamu ya pili hatua chache mbele, mpya, kwa punguzo, na wanunuzi wote walivuka kwenda kule. Jirani akashusha bei mara mbili, kisha akaacha.

Kwa hiyo jibu langu kwa anayeniuliza ni hapana, kwa bei ile haistahili. Ningelipa sawa na nyumba kuukuu, labda na sehemu moja ya kumi juu yake kwa sababu ya mabomba na nyaya mpya, na si kabla ya kupanda darini. Sisi tunabaki, shule iko karibu na watoto wamepata marafiki. Siku mafundi walipomaliza ule ukuta nilipanda tena mwenyewe, nikapapasa kwa mkono mstari wote pale tofali la mwisho linapokutana na paa, kutoka mbele hadi nyuma, ndipo nikashuka.