Mashine ya kupimia sukari nyumbani: uzoefu wangu

Nilinunua mashine hii duka la dawa baada ya mama kukutwa na kisukari. Mimi nina miaka 43, nikaona nisisubiri kiu na kukojoa usiku kucha ndipo nishtuke.

Siku ya kwanza nilikuwa nimetoka kumenya embe. Nikajifuta mikono kwa kanga, nikachoma kidole, ikasoma 13.8 (kwa kipimo cha mmol/L). Miguu iliniisha nguvu. Mume wangu akaniuliza, "Mama Junior, umenawa?" Nikanawa kwa sabuni, nikakausha vizuri, nikachoma kidole kingine: 7.9. Sukari ya embe iliyobaki kidoleni ndiyo iliyopimwa! Kijikaratasi cha maelezo kimeandika jambo hili kwa herufi ndogo mno, na hapo naikata alama.

Asubuhi yake nikaenda maabara bila kula tangu usiku, maji tu. Nilibeba na mashine yangu. Ya kwangu ikasema 6.7, ya maabara 6.3. Daktari akasema hilo si kosa, mashine za nyumbani zinaruhusiwa kupishana na maabara hadi asilimia 15, ndiyo maana hazitumiki kumtangazia mtu kwamba ana kisukari. Kabla ya kula, kisukari kinaanzia 7.0, na kama huna dalili wanarudia kipimo siku nyingine. Ukiwa umekula, wanaangalia 11.1 na kuendelea, pamoja na dalili.

Akanipima pia HbA1c, ile inayoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, na hii hata ukinywa chai haiharibiki. Kwanza aliniuliza kama kwetu kuna selimundu, kwa sababu inaweza kupotosha majibu. Yangu yakaja asilimia 6.1. "Kisukari bado, ila umeshaingia njiani," akasema. Kwa kipimo hiki kisukari kinaanzia asilimia 6.5.

Nilikumbuka upimaji wa bure niliowahi kwenda mtaani. Walinichoma nimetoka kula chapati, wakaandika 8.6, wakaniambia nina sukari. Hakuna aliyeuliza nimekula saa ngapi. Wiki mbili sikulala vizuri, na bado inaniuma.

Mashine yenyewe naipenda: tone dogo, sekunde chache, na ukichoma pembeni mwa kidole hauumii sana. Ila jueni stripu, vile vipande vya kuwekea tone la damu, ndizo zinazomaliza hela, na kichupa chake kisiachwe wazi, zinaharibika na unyevu.

Mama nimempelekea ya kwake juzi, na kipande cha sabuni ndani ya mfuko uleule.