Ada ya shule ya Januari: uiweke kwenye kibubu au kikoba?

Kibubu, kile kisanduku cha akiba cha nyumbani, hakina mwenyekiti wala daftari. Unatumbukiza elfu mbili, unalala. Shida ni kwamba ukiruka wiki tatu hakikuulizi kitu, na mbao zake zinabanduka kwa kisu cha jikoni tu (wengi tunakijua kisu hicho).

Kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, kina macho ya watu. Kila wiki mnakutana, unanunua hisa (ndiyo akiba yako) mbele ya wenzako, ukichelewa unapigwa faini. Vikundi vingi vina sanduku la kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake. Hata ukishikwa na tamaa ya kuichomoa ile hela, utaanzia wapi? Unaweza pia kukopa, na mwisho wa mzunguko, mara nyingi mwaka, mnagawana akiba na faida. Ila uliza kama kimesajiliwa, maana Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 na vikundi vimo. Tena mzunguko uvunjwe Desemba. Ukivunjwa Machi, shule zimeshafunguliwa zamani.

Kwa ada, mimi ni kikoba. Kibubu nakiachia madaftari na soksi.