Kabla hujalipia lenzi ya 1.74, soma namba iliyo kwenye mkono wa miwani yako

Habari zenu jamani, karibuni tena mezani. Leo hakuna simu wala spika. Leo ni lenzi za miwani, na hapa nina miwani zangu mbili, ya zamani na mpya. Macho yangu ni -6.00 pande zote mbili, yaani mbali sioni vizuri, kwa hiyo haya ninayosema yananihusu mwenyewe, yanakaa puani mwangu kutwa nzima.

Tuanze na hii ya zamani. Ngoja niisogeze kwenye kamera... hapo. Mnaona ukingo wa upande wa sikio? Pete juu ya pete, kitako cha chupa kabisa. Siku naichukua dukani nilimuuliza muuzaji, mbona nene hivi? Akaniambia, "Kaka, ungeongeza hela kidogo tukakuwekea ya 1.74." Yaani plastiki inayopinda mwanga zaidi, ili lenzi iwe nyembamba. Basi, yakaishia hapo. Fremu niliyochagua, pana kama dirisha, hakuitaja hata kidogo. Nikaenda nyumbani nikapiga mwenyewe hesabu ambayo alitakiwa kunipigia yeye. Chukueni kalamu.

Angalieni ndani ya mkono wa miwani yenu. Yangu imeandikwa 54, halafu kimraba, 18, halafu 140. Hiyo 54 ni upana wa lenzi moja kwa milimita, 18 ni daraja la puani, 140 ni urefu wa mkono, iacheni. Jumlisha 54 na 18, unapata 72. Huo ndio umbali kutoka katikati ya tundu moja la fremu hadi katikati ya lingine. Sasa mboni zangu zimeachana milimita 62. Kwenye karatasi ya vipimo inaandikwa PD, na kama haipo, dai upimwe. Tofauti ni 10, kila jicho 5. Kwa hiyo fundi inabidi asogeze kitovu cha lenzi milimita 5 kuelekea puani, ili kikae mbele ya mboni, na upande wa sikio unabaki mrefu: nusu ya 54 ni 27, ongeza 5, ni 32.

Hiyo 32 ndiyo iliyoniponza. Izidishe kwa yenyewe, 1,024. Zidisha kwa namba ya macho, 6, alama ya kutoa usiijali: 6,144. Sasa chukua indeksi ya lenzi, yaani ile 1.50 au 1.67 inayoonyesha plastiki inapinda mwanga kiasi gani, toa 1, zidisha kwa 2,000, halafu ugawe nayo. Kwa plastiki ya kawaida ya 1.50, ambayo mafundi wanaiita CR-39, unagawa kwa 1,000. Jibu 6.1. Ongeza unene wa katikati ya lenzi, tuseme 2, unafika 8.1, huo ndio unene wa ukingo kwa milimita.

Nabana na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene... 8.7. Usishtuke. Hesabu yetu ni ya mkato, na lenzi ikiwa pana na namba kubwa, mpindo wake halisi unaongeza nusu milimita hivi. Kwa kulinganisha inatosha kabisa.

Haya, fremu ileile, tubadilishe plastiki, na katikati tuweke 1.5 kwa zote. Ya 1.60 inatoa 6.6. Ya 1.67 inatoa 6.1. Ile ya 1.74 niliyoambiwa niongezee hela inatoa 5.7. Kutoka 1.67 kwenda 1.74 umepunguza milimita 0.4, unene wa kucha!

Sasa tuache plastiki, tushike fremu. Hii mpya ni 48 na 18, jumla 66. Ukitoa 62 inabaki 4, kila jicho 2. Nusu ya 48 ni 24, ongeza 2, ni 26. Mara yenyewe 676, mara 6 ni 4,056. Kwa ileile 1.50 ya bei ya chini, na katikati ileile 2, ukingo ni 6.1. Rudisheni video nyuma muone: ni sawa na 1.67 kwenye fremu pana. Mimi nilichukua 1.60, hesabu ikasema 4.9, na kalipa... 5.0. Nyembamba kuliko hiyo 1.74 yao, kwa sababu milimita za fremu zinazidishwa kwa zenyewe, indeksi haipati bahati hiyo.

Na 1.74 ina kasoro zake. Kwanza inarudisha mwanga: kila uso wa lenzi unarudisha kama asilimia 7, wakati 1.50 ni 4, kwa hiyo bila kupakwa dawa ya kuzuia mng'ao, watu wataona taa za chumba badala ya macho yako. Pili ni rangi. Kuna kipimo kinaitwa namba ya Abbe, ikiwa ndogo lenzi inatawanya rangi. CR-39 ina 58, 1.60 ina kama 41, 1.67 na 1.74 zinacheza kwenye 32 hivi. Ukiangalia taa ya barabarani kwa pembeni unaona kiukingo cha buluu na chekundu. Polikaboneti, indeksi 1.59, ndiyo mbaya zaidi, 30, lakini haivunjiki kirahisi, na kwa mtoto anayecheza mpira ningechukua hiyohiyo nikavumilia rangi.

Wenye silinda, yaani namba ya ziada ya jicho lisilopinda sawa pande zote, sikilizeni. Karatasi ikisema -4.00, silinda -2.00, mhimili (mwelekeo wa silinda kwa digrii) 180, upande wa sikio unahesabu kwa 4. Mhimili ukiwa 90, namba zilezile, unahesabu kwa 6. Watu wawili wenye karatasi zinazofanana hivyo, mmoja anatoka na chupa, mwingine hapana, na dukani wataambiwa ni bahati.

Wa kujumlisha, kama mama yangu na +5.00 yake, mambo yamegeuka: unene uko katikati na ukingo ni mwembamba. Fremu pana inawatesa pia, maana lenzi ikiwa pana, katikati inavimba.

Kwa hiyo 1.74 ni ya nani? Mwenye -8 kwenda juu ambaye tayari ana fremu ndogo, na katikati ya fremu panaendana na mboni zake. Huyo atauona utofauti. Wa -2 akiuziwa 1.74 ameibiwa kwa tabasamu.

Niandikieni hapo chini namba tatu: upana wa lenzi, daraja, na PD, pamoja na kipimo cha macho. Nitawapigia hesabu mmoja mmoja. Bei msiniulize mimi.